Shajara ya mradi: sola juu ya slabu ya mama mkubwa, Uyole, Mbeya

Juni 12

Mama mkubwa amenipigia tena. Leo hata hakuuliza hali za watoto, ameanza moja kwa moja na mayai. Mzunguko uliopita umeme ulikatika usiku wa siku ya 18, mayai yakiwa yamebakiza siku tatu tu kuanguliwa, ukarudi kumeshapambazuka. Kwa baridi ya Uyole, mashine iliyozimika usiku kucha haina tofauti na kabati. Kati ya mayai elfu moja na ushee, vifaranga waliotoka hawakufika mia tatu.

"Mwanangu, si wewe uliyesomea mambo haya chuo cha ufundi, VETA? Slabu iko tupu pale juu. Njoo uijaze."

Nimeamua kuandika kila hatua. Kazi zangu zote za nyuma zilikuwa juu ya bati, na kwenye bati unafuata mteremko uliopo, unafunga, unashuka. Slabu ni mara yangu ya kwanza. Na nasema slabu nikiwa na uhakika, maana siku hizi ukipita barabarani unaona nyumba nyingi zinaonekana tambarare kumbe ni bati lililofichwa nyuma ya ukuta, na mfereji unaovuja katikati. Hii ya mama ni zege kweli: fremu tatu za maduka zinazotazama barabara kuu ya Tanzania–Zambia, chumba cha mashine ya kutotolesha kwa nyuma, na ngazi ya nje inayopanda upande wa kusini. Uso wa nyumba unatazama kaskazini. Umuhimu wa hilo nitaueleza baadaye.

Juni 15

Nimepanda na futi, kamba, chaki na kijana anayejifunza kazi kwangu. Slabu ina mita 12.4 mashariki–magharibi na 7.8 kaskazini–kusini. Paneli ninayoifikiria ni ya wati 550, urefu mita 2.28, upana 1.13, kilo 28 hivi. Kijana alichukua simu, akagawa eneo kwa eneo: "Kaka, zinaingia 37!" Muuzaji mmoja niliyempigia kuuliza bei naye alisema paa la namna hiyo "linakula thelathini bila shida." Hajawahi kuliona.

Nimeandika vilivyoko juu, nikianzia kona ya kaskazini-mashariki kwa sababu ndiko kulikoniumiza kichwa: tangi la lita 1,000 juu ya kijukwaa cha tofali, kilele chake mita 2.2 kutoka kwenye slabu. Ukuta wa ukingo wa mbele, sentimita 90, uliinuliwa ili kubeba bango la duka. Kingo nyingine tatu ni sentimita 40. Nondo za nguzo kumi na mbili zimechomoza sentimita 80 kila moja, maana mama anataka kupandisha ghorofa "Mungu akijalia". Dishi la king'amuzi. Kamba tatu za nguo. Na maturubai mawili ya maharage yanayokauka, ambayo nilikaribia kuyakanyaga nikirudi nyuma na futi. Nilikaripiwa ipasavyo.

Hiyo ndiyo slabu tupu.

Juni 17

Kabla ya kuhesabu paneli nimepima mzigo. Nilifunga kipimo kwenye mashine ya mayai kwa saa 24: uniti 5.6. Joto la ndani ni nyuzi 37.5 muda wote, na asubuhi hizi chumba chenyewe hakifiki nyuzi 12, kwa hiyo hita haipumziki. Friza mbili, moja ya soda na moja ya kuku waliochinjwa, uniti 3 pamoja. Taa, rauta na televisheni ya dukani, 1.2. Jumla 9.8 kwa siku.

Mama aliuliza kama taa nyekundu za kulea vifaranga nazo zitaingia. Ziko nne, wati 250 kila moja. Zikiwaka mchana na usiku ni uniti 24, mara mbili na nusu ya nyumba nzima. Nikamwambia vifaranga waendelee na jiko la mkaa kwenye chungu kama zamani. Hakupinga. Nadhani alishajua, alikuwa ananipima tu.

Nikiweka paneli 8, ni kilowati 4.4. Jua la Tanzania hutajwa kati ya uniti 4 na 7 kwa mita ya mraba kwa siku. Mimi napanga kwa 4, maana masika ya huku yanaanza Novemba na hayaachii mpaka Aprili, na Januari kuna siku mlima Loleza hauonekani tangu asubuhi hadi jioni. Ukiondoa robo kwa upotevu wa waya, inveta (inayogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani), betri na vumbi, napata uniti 13 kwa siku. Zinatosha na chenji inabaki.

Betri ndiyo inayokula hela. Moja ya lithiamu ya volti 51, ampea-saa 100, inabeba uniti 5 na kidogo. Mashine ya mayai peke yake, kuanzia jua linapolegea saa kumi na moja jioni hadi linaposhika saa tatu asubuhi, inataka kama 3.7. Tumekubaliana betri moja, mashine iwe na laini yake, friza zitumie sola mchana, na usiku zirudi gridi. Betri ya pili itafuata vifaranga wakiuzika.

Juni 21

Siku niliyoisubiri. Leo jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini, kwa hiyo vivuli vinavyoelekea kusini havitakuwa virefu kuliko hivi mwaka mzima. Ukitaka kujua ukuta wa kaskazini utakuibia kiasi gani, panda juu leo.

Kwanza kabisa, kaskazini iko wapi? Dira ya simu ilinipa majibu matatu katika sehemu tatu, na sishangai, slabu nzima ni wavu wa nondo. Nikaacha simu, nikaning'iniza timazi kwenye fito na kuchora kivuli cha kamba yake kila baada ya dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinacholala kaskazini–kusini, na hicho hakikutokea saa sita. Saa zetu zinafuata digrii 45 za mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Sisi tuko kama digrii 33 na nusu. Jua linachelewa kutufikia kwa dakika 46, na Juni huongeza mbili. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli ya Uyole leo ilikuwa saa saba kasoro dakika 12. Kijana alidhani nimechanganyikiwa nilipomwambia saa sita bado haijafika na huku misikitini wanajiandaa kwa adhuhuri. Nikamwambia basi awaulize wao, maana wanaofuata jua hawawezi kukosea: swala ya adhuhuri huku haiadhiniwi saa sita.

Vipimo, kwa ukuta wa sentimita 90: saa saba kasoro dakika 12, kivuli kimeingia ndani sentimita 58 (hesabu ilinipa 57). Saa nne kasoro dakika 12, sentimita 77. Saa tatu kasoro dakika 12, mita 1.07. Kabla ya hapo jua ni la kuotea tu, nimeliacha. Kwa hiyo mita moja ya kwanza nyuma ya bango si yangu, ni ya ukuta.

Tangi ndilo balaa. Saa nne kasoro, kivuli chake kilikuwa kimelala mita mbili na nusu kuelekea magharibi, na saa nzima kabla ya hapo kilikuwa mita nne na nusu, kikikatiza pale ambapo ningeweka paneli za kwanza za safu zote mbili. Mtu anaweza kusema ni kona tu ya paneli. Lakini ndani ya paneli seli zimegawanywa mafungu matatu, kila fungu na daiodi yake ya kupitisha umeme pembeni, na kivuli kikifunika seli moja fungu zima linarukwa. Kivuli cha kiganja kinaweza kuondoa theluthi ya paneli.

Nikageuza swali: tangi likihamia kusini itakuwaje? Juni kivuli chake kinadondokea uani. Desemba jua linahamia kusini yetu, lakini haliendi mbali. Tuko karibu digrii 9 tu kusini mwa ikweta, na adhuhuri ya Desemba linapungukiwa digrii 14 na nusu tu kufika utosini. Hata saa kumi kasoro robo jioni hivi, kivuli cha tangi kingenyooka kaskazini chini ya mita moja. Nimezungusha kona ya kusini-magharibi kwa chaki, juu ya ukuta wa choo.

Kijana alishikilia paneli zitazame kusini, ameona video. Nikamuuliza aliyetengeneza video anaishi wapi. Akaangalia: Ujerumani. Huko jua la adhuhuri haliendi kaskazini hata siku moja. Hapa linakaa kaskazini kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba. Video hiyo hiyo ilisema safu ziachane mara tatu ya kimo cha paneli. Kwa mwinamo wa digrii 10 niliouchagua, ukingo wa nyuma unanyanyuka sentimita 20 tu juu ya ule wa mbele, na kivuli chake saa tatu kasoro ni sentimita 23. Kinachonilazimisha kuacha nusu mita ni mwili wangu, nipite na ndoo ya kusafishia. Digrii 10 zenyewe si kwa ajili ya jua. Hata 5 zingetosha, ila chini ya 10 maji ya mvua hayatiririki vizuri, na vumbi la Septemba linabaki kama ukoko.

Julai 2

Nimerudi mjini, Mwanjelwa, kuuliza bei. Muuzaji kaangalia mchoro wangu wa paneli nne nne, akasema, "Fundi, safu inaingia tano. Weka kumi, inveta inakubali." Akafungua karatasi: inveta mwisho wake volti 500, paneli volti 49.9 ikiwa haina mzigo. Mara kumi zikiungwa mfululizo, 499. "Si umeona? Zinakaa."

Zinakaa kwenye karatasi, kwa sababu karatasi imepimwa kwenye nyuzi joto 25. Seli ikipoa volti zinapanda, kama asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya Julai Uyole ikiwa nyuzi 5 na jua likachomoza ghafla, hizo kumi zinafika volti 526. Inveta haitatoa onyo, itaungua, na dhamana haitalipa kwa sababu umevuka kikomo chao. Paneli 8 kwa baridi hiyo hiyo ni volti 421. Nililala na amani na nane. Ubaridi huu una wema wake pia: nguvu ya paneli hupungua zinapochemka, na huku juu hazichemki kama za Dar. Lakini ni wema unaotaka heshima.

Na kumi zingefika karibu na kingo pande zote mbili, mahali upepo unapong'oa kwanza.

Julai 6

Upepo na uzito. Nilifikiri hili litakuwa rahisi, limekula siku nzima.

Sitaki kutoboa slabu. Kila tundu ni mlango wa maji, na chini kuna mashine ya mayai. Kwa hiyo stendi zitakaa kwa uzito wa tofali. Tatizo ni kwamba paneli zinazotazama kaskazini zinaonyesha mgongo wazi kwa kusi, na kuanzia Mei hadi Oktoba upepo wa huku unatoka kusini-mashariki, unateremka Uporoto bila kizuizi. Unaingia chini ya paneli kama unavyoingia chini ya kanga. Nimeamua kuziba mgongo wa kila safu kwa bati, ukiacha mwanya wa vidole vinne chini ili hewa ipite na paneli zipumue.

Nimekokotoa kwa upepo wa mita 30 kwa sekunde, kilomita 108 kwa saa, nikapata kwamba kila paneli ikiwa imezibwa mgongo inavutwa juu kwa nguvu ya kama kilo 60. Nikaweka tofali nne kwa paneli ili zisiteleze pia. Tofali la inchi sita nilipima kwenye mizani ya mahindi ya jirani: kilo 28. Tofali nne, paneli na stendi, kilo 150 kwenye eneo la mita za mraba mbili na nusu, yaani kilo 58 kwa mita ya mraba. Mhandisi mmoja ninayemheshimu alikuja na kunywa chai mbili, akapiga hatua juu ya slabu, akaniambia paa la zege la kukanyagika kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 kwa mita, ila akanionyesha mahali boriti zinapopita na kunitaka niweke tofali juu yake. Mfumo mzima ni kilo 1,200. Mama alishtuka mpaka nilipomwambia tangi lake likijaa halipishani nalo sana, tena limesimama kwa miguu minne.

Vikalio vya stendi nimeagiza kwa mzee anayeshona katambuga, viatu vya tairi, pale stendi ya mabasi. Vipande vya tairi, inchi nne kwa nne, 48. Aliuliza ni za mguu gani.

Julai 9

Nondo.

Safu ya pili inaishia sentimita 8 kabla ya mstari wa nguzo za katikati. Nondo mbili kati ya hizo ziko nyuma ya paneli, na Desemba kivuli chake chembamba kitagusa ukingo wa nyuma kwa saa chache. Nilimwomba mama tuzikate zibaki sentimita 30.

"Ukizikata, mwanangu, ghorofa nitaliunganisha na nini? Gundi?"

Yuko sahihi kuliko mimi. Nondo za milimita 16 zinataka kupishana na za juu kama mara 50 ya unene wake, na hizo ndizo sentimita 80 zenyewe. Aliyejenga alijua kazi yake. Hasara ya Desemba nimeikubali, nikazilaza paneli kwa ubavu mrefu ili kivuli kile kiguse fungu moja tu.

Mazungumzo haya yamebadilisha mpango kuliko hesabu zote. Kama ghorofa litakuja, sola lazima iweze kuhama: viungo vya kuchomoa, waya wenye ziada ya mita sita iliyokunjwa kwenye boksi, stendi za bolti badala ya kuchomelea. Na inveta na betri zisikae juu kabisa. Zinakwenda kwenye chumba cha ngazi, mbali na unyevu wa mashine.

Julai 13

Jaribio la maji. Tumemwaga ndoo ishirini juu, tukasubiri. Mrija mmoja wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na kiota, mwingine ulifanya kazi. Kaskazini-mashariki, pale chini ya tangi, dimbwi la sentimita 2 lilibaki mpaka jioni. Fundi ujenzi ataweka plasta ya mteremko kabla stendi hazijapanda.

Julai 20

Tangi limehama. Watu wanne, nusu siku, mabomba mapya. Fundi bomba alitaka alipwe kwanza kisha ndipo afungue koki, na nusura tuharibu urafiki. Kitu kingine cha kuandika: nguzo ya ardhi, ya kushusha umeme wa hitilafu ardhini, imechimbiwa mita mbili nyuma ya choo, stendi zote zitaungwa nayo, na kizuia radi kitakaa pande zote mbili za inveta. Radi za Novemba huku hazina utani.

Julai 27

Plasta imekauka. Tumepiga mistari ya chaki: safu ya kwanza inaanza mita 1 kutoka ukuta wa bango, nusu mita ya kupita, safu ya pili, kisha nondo. Paneli nne kila safu, mita 9.2, zimebaki mita 1.6 kila upande. Nusu yote ya kusini haijaguswa.

Nilishuka kunawa. Niliporudi juu, maturubai ya maharage yalikuwa yametandikwa ndani ya mstatili wa safu ya kwanza, sawasawa kabisa na chaki, kama vile nilichora kwa ajili yake.

"Shikamoo mama. Hapo ndipo paneli zinakaa."

"Marahaba. Si hazijaja? Na hapa ndipo jua lilipo, umesema mwenyewe."

Nilimwonyesha kusini, nyuma ya nondo, kati ya ngazi na pale tangi lilipohamia. Akaenda, akasimama, akaangalia kivuli cha tangi kilivyodondokea uani, akarudi. Akataka mita tatu kwa nne, zisizopitwa na waya hata mmoja, na kamba za nguo zirudi zilipokuwa. Nimechora mstatili wa tatu kwa chaki na kuandika ndani yake MAHARAGE. Njia ya waya imehamia ukingo wa magharibi, imeongezeka mita nne. Paneli zinapakiwa Jumanne.